Sura ya Sita: Kuitengeneza Nyumba ya Wazazi Wangali Hai

Mtoto aliyeondoka kwao kwenda kutafuta riziki, kila arudipo kuwazuru wazazi wake, hukuta mengi yamebadilika tangu alipoaga. Lakini katika hayo yote hakuna lililo wazi mbele ya macho yake kama hali ya nyumba, kwa sababu maradhi mzazi huyaficha, na dhiki ya matumizi hufunikwa kwa sinia la pilau ya siku ya Idi, ilhali ufa ulio ukutani, dari inayovuja na ngazi iliyomomonyoka havina wa kuvisitiri. Ndiyo sababu sisi watu wa Lamu, ambao vijana wetu wametawanyika Mombasa, Nairobi na miji ya Ghuba, tumezifanya siku za Idi na za Maulidi ya Mfungo Sita kuwa pia siku za mafundi, hata ikawa ni jambo la kawaida kuwaona punda wakipita vichochoroni na shogi zilizojaa mchanga asubuhi ile ile ambayo wageni wanashuka gatini na masanduku yao. Nia hiyo ni njema, na thawabu zake ni kubwa. Lakini nyumba ya mawe ina tabia zake, wazazi wana haki zao, na mali ya jamaa ina sharia zake. Na mtu akilijua moja tu katika haya matatu na kuyapuuza mawili, huenda akatumia fedha nyingi na kuacha nyuma yake madhara ambayo hakuyakusudia.

Nyumba ninayoisemea ni ile ya matumbawe ambayo wazee wetu waliijenga kwa wingi katika karne ya 18 na ya 19. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Lakini aliyezaliwa ndani ya nyumba hizo huzijua kwa majina ya sehemu zake kabla ya kuzijua kwa sifa hiyo: daka la mlangoni ambapo wanaume hubarizi, tekani, kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani, ambamo mna safu za zidaka za lipu iliyochongwa kwa ustadi usiopatikana tena kwa urahisi. Kuta zake zina unene upatao nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya Manda na kuunganishwa kwa chokaa na udongo. Na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko, ambazo, kwa kuwa haziwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa kwa masafa yanayozidi kiasi cha mita 3, ndizo zilizoamua upana wa kila chumba, hata vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba. Boriti hizo hizo zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini na kuvushwa kwa pepo za kusi hadi Arabuni na Uajemi, na huko nako zikaamua upana wa vyumba vya watu ambao hawakupata kukiona kisiwa chetu.

Anayetaka kuitengeneza nyumba ya namna hii hana budi kwanza kuifahamu chokaa, kwani chokaa ndiyo nyama na ngozi ya jengo zima. Hupatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuri la kuni, kwa moto unaokaribia nyuzi 900, hata hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe ikatoka. Kisha jiwe lililochomwa hunyunyiziwa maji, likafumuka kwa joto kali na kuwa unga mweupe. Na unga huo, ukishachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza kuivuta tena hewa ya ukaa iliyomo angani, siku baada ya siku, mpaka urejee kuwa jiwe la asili moja na lile lililotiwa tanurini. Marejeo hayo hayaharakishwi kwa fedha wala kwa wingi wa vibarua. Lipu ya chokaa ikipigwa na jua kali kabla ya wakati wake hukauka juu na kubaki unga ndani, na ndiyo maana fundi hodari huitundikia magunia yaliyoloweshwa maji, huipaka kwa tabaka nyembamba, na huiacha kila tabaka ishike sawasawa kabla ya kuileta ya pili.

Saruji iliingia kwetu ikiwa na sifa ambazo hakuna awezaye kuzikanusha: hushika upesi, huwa ngumu, na hupatikana katika duka la jirani. Kwa nyumba mpya ya matofali ina manufaa yake. Lakini ukuta wa matumbawe uliosimama katika ardhi ya mwambao haukosi unyevu. Maji ya chini, yenye chumvi, hupanda ndani yake kidogo kidogo, na lipu ya chokaa, kwa kuwa ina matundu madogo madogo, huyaruhusu kutoka yakawa mvuke. Mtu akiufunika ukuta huo kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Basi huzidi kupanda yakitafuta njia, hata yakavifikia vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani na kuviozesha, na chumvi nayo hujikusanya nyuma ya saruji, ikafanya fuwele, ikavimba, na kuibandua saruji pamoja na uso wa jiwe iliyoushika. Mwenye nyumba akiona vipande vinaanguka hudhani kwamba saruji ilikuwa haba, akaamrisha iongezwe. Na kwa njia hiyo ukuta uliodumu umri wa vizazi vitano au sita hudhoofishwa katika muda wa Idi chache, kwa fedha za mtoto aliyependa kuwafurahisha wazazi wake.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya ziara isiwe siku ya kununua kitu. Iwe siku ya kuikagua nyumba kwa utulivu, ukiwa pamoja na fundi mzee aliyezoea kazi ya chokaa na mtu wa nyumba aliyeishi humo mvua zote zilizopita, kwa sababu fundi anajua dalili na mwenye nyumba anajua historia. Fundi wetu, tulipomwita kuikagua nyumba ya mama yangu, hakuja na kamba wala na daftari. Alikuja na mwiko wake, akapita kila ukuta akiugonga kwa mpini na kusikiliza. Palipo na lipu iliyoshikana na jiwe sauti hutoka kavu na nzito, na palipoachana sauti hurudi kama ya debe tupu. Naye kila aliposikia ya pili alitia alama ya mkaa, akasema, "Hapa imeachana," kisha akaendelea bila ya kuongeza neno. Alipomaliza kuta akaomba ngazi, akapanda hadi penye boriti, akachomoa kisu kidogo na kuchoma kila boriti mahali pale inapoingia ukutani. Katikati ya boriti kisu hakikupenya; lakini katika boriti mbili zilizo upande wa choo kiliingia hadi nusu ya makali, kikatoka na unga wa rangi ya tumbaku. Katika chumba chenye boriti hizo mbili rangi ya ukuta ilikuwa safi kuliko ya vyumba vyote, kwa kuwa ndicho kilichopakwa mara ya mwisho, na hakuna mgeni ambaye angekishuku.

Katika ukaguzi huo huo ndipo lilipodhihirika jambo la pili, nalo ni kwamba mzazi anaweza kuwa na haja ambayo haijapata kuingia katika hesabu ya watoto. Nyumba yetu ni ya mama. Aliipata kwa mamake, kwa ile desturi ya Lamu ya binti kupewa nyumba anapoolewa, ili aolewe akiwa kwake na asije akakosa maskani maishani mwake. Kaka yangu, aliyerudi kutoka Ghuba akiwa na akiba ya kutosha na moyo wa ukarimu, alikuwa amekusudia kuondoa baadhi ya zidaka za ndani ili pawekwe kabati la televisheni, na kutandika vigae vyenye kung'aa katika misana yote miwili, kwa kuwa huko anakoishi amezoea kuona nyumba za namna hiyo na akataka mama naye astarehe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole: "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Zidaka hizi mimi nilizikuta, na mamangu alizikuta. Nitengenezeeni pa kushukia."

Tukaenda sote kuitazama ngazi, ambayo kila mmoja wetu alikuwa ameipanda na kuishuka tangu utotoni. Kidaraka chake cha tatu kutoka juu kilikuwa kimeinuliwa na matengenezo ya zamani, kwa tabaka la saruji lililomwagwa juu ya la kwanza, hata kikapita vingine kwa kimo cha vidole vinne. Na mama, ili asianguke, alikuwa na mazoea ya kushuka kinyumenyume, uso wake ukielekea ngazini, mkono wa kulia ukiushika ukuta. Ukutani, kwa urefu wa bega lake, kulikuwa na mstari mweusi uliolainika na kumeta, ulioanzia kidaraka cha juu na kukoma pale penye mlango wa chini. Ni mahali palipopita kiganja chake kila siku. Fundi alipimia mstari huo, akafunga juu yake fito ya mbambakofi iliyopigwa randa, ya unene wa kushikika na mkono wa mtu mzima. Kidaraka kikapunguzwa kikalingana na wenziwe. Na gharama ya kazi hiyo nzima haikufikia bei ya vigae vya chumba kimoja. Tangu hapo nimeshika kanuni ya kumwomba mzazi anionyeshe anavyopita katika nyumba yake toka alfajiri hadi usiku, anapochukua udhu, anapoanika, anapoketi, kwa sababu mzazi wa Kiswahili, akiulizwa kwa maneno matupu anataka nini, atajibu kwamba hataki kitu ila afya ya watoto wake.

Kwa kuzingatia hayo, matengenezo ya nyumba ya wazee yana mpango wake, na mpango huo hauanzi na rangi. Huanza na maji ya juu. Dari ya kale ina mwinamo mdogo wa kupeleka maji kwenye milizamu, na mlizamu mmoja ukizibwa na majani au na kiota cha ndege, mvua ya usiku mmoja hukaa juu ya chokaa ikitafuta ufa. Kila ufa uzibwe kwa chokaa, mwinamo urudishwe pale uliposhuka, na milizamu izidishwe urefu ili maji yasirudi ukutani. Papo hapo yatazamwe matangi ya plastiki ambayo siku hizi hupandishwa juu ya nyumba: tangi la lita 1000 likijaa lina uzito wa kilo 1000, na uzito huo ukiwekwa katikati ya boriti zilizokuwepo kabla ya babu kuzaliwa, huziinamisha; pahali pa tangi ni juu ya makutano ya kuta, au chini kabisa. Nani asiyekumbuka jinsi Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, na ikafikiriwa na wengi kuwa haiwezi kuanguka, ilivyoporomoka mnara wake na sehemu ya mbele siku ya tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya matengenezo yenyewe, na watu wawili wakafa? Jengo la fahari na nyumba ya mjane viko chini ya hukumu moja: uharibifu ulioachwa kwa miaka mingi haungoji fundi amalize.

Baada ya maji ya juu hufuata maji ya chini, yaani ya choo, ya birika na ya jikoni, ambayo kwa kuwa hayaonekani huharibu mengi zaidi. Bomba linalotiririsha ndani ya ukuta ndilo lililoziozesha zile boriti mbili za mama. Na kama tungalibadilisha boriti tukaliacha bomba, tungalikuwa tumewapa mchwa na kuvu chakula kipya. Kisha hufuata usalama wa viungo vya wazee: ngazi, kizingiti kirefu cha mlango, choo cha kuchuchumaa ambacho magoti yaliyochoka hayakiwezi tena na ambacho ni ihsani kukiongezea cha kukalia, na sakafu isiyoteleza mahali pa kutawadhia. Kisha taa, kwa kuwa vyumba vyetu vya ndani vina giza hata adhuhuri, na nyaya za umeme zilizofungwa juu ya nyaya nyingine kwa muda wa miaka zinahitaji jicho la fundi wa umeme mwenye ujuzi. Rangi na mapambo huja mwisho. Na rangi yenyewe, kwa ukuta wa chokaa, iwe ni chokaa, kwa sababu rangi ya mafuta huuziba ukuta kama saruji inavyouziba. Na kabla ya kuugusa uso wa nyumba unaotazama njia, au mlango wa nakshi, au wikio lililovuka kichochoro, sharti ipatikane idhini ya wale waliokabidhiwa hifadhi ya mji wa kale; kadhalika boriti mpya zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, kwani mikoko iliyokatwa kwa wizi huiacha pwani wazi kwa mawimbi na hukosesha samaki mazalio yao.

Linalobaki kuwa gumu ni wakati. Ziara ni fupi, na chokaa haijui ufupi wa ziara. Tena Idi yenyewe haikai mahali pamoja katika mwaka wa jua, bali hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, hata katika muda wa takriban miaka 33 ikawa imezunguka misimu yote. Kuna miaka ambayo Idi huangukia katika kaskazi, mbingu ikiwa kavu, na hapo dari yaweza kufunuliwa bila hofu. Na kuna miaka ambayo huangukia ndani ya masika, na kufunua dari ya wazee wakati huo ni kuwaweka chini ya hatari kwa ajili ya urahisi wa likizo yetu. Njia ya busara, kwa maoni yangu, ni kuigawanya kazi kwa mwaka na kuiacha ziara iwe sehemu moja tu ya mwaka huo. Katika ziara hii nyumba ikaguliwe, mambo yaandikwe kwa mpango wake, na yafanywe yale madogo yanayomalizika na kukauka mbele ya macho ya mwenye fedha, kama vile ngazi, taa na mlizamu. Fedha ya chokaa iachwe kwa fundi anayeaminika, aifumue mapema na kuiweka shimoni au pipani ikiwa imefunikwa kwa maji, maana chokaa iliyokaa miezi huwa laini na yenye kushika kuliko ile iliyofumuliwa jana. Boriti ziagizwe zikiwa mbichi na zipate kukauka kivulini. Dari ifunuliwe baada ya vuli kupita, kaskazi ikisha kushika, hata kama mwenye kugharimia yuko mbali na atasikia habari zake kwa simu.

Fauka ya hayo, wazazi wanaishi ndani ya nyumba wakati kazi inaendelea, na jambo hili linataka adabu kubwa kuliko ufundi. Vumbi la chokaa kuukuu huwadhuru wenye pumu na huingia machoni. Basi mzee mwenye kifua dhaifu ahamishiwe kwa nduguye au kwa jirani mpaka ukwanguaji umalizike, naye aambiwe mapema, kwa kuombwa wala si kwa kuamriwa. Nyumba ya Lamu imepangwa ili sitara ya wanawake ihifadhiwe, na kila mlango unaouvuka kutoka dakani hadi ndani unazidi kukuingiza katika faragha. Kuwaachia mafundi na vibarua waranderande katika vyumba vyote kwa wakati mmoja ni kuwaondolea wenyeji sitara waliyojengewa. Kazi na ifanywe chumba kwa chumba, mafundi wabishe hodi kila waingiapo, saa za sala na za mapishi ziheshimiwe, na pawepo mtu mmoja wa nyumbani wa kusimama nao. Na vitu vya wazee visitupwe wakati wao wamelala: mkoba wa hati, kitanda cha hindi kilichovunjika mguu, sahani iliyofungwa kwa risasi, vyote hivyo viulizwe, kwa kuwa mtoto aliyekuwa mbali hajui ni kipi kilichowekwa kwa mapenzi na kipi kilichosahauliwa.

Sasa nije kwenye fedha, ambayo ndugu huona haya kuizungumza wazazi wakiwa hai, na wakaja kuizungumza kwa uchungu mbele ya Kadhi wazazi wakisha kufa. Sharia ya Kiislamu inayotuongoza katika mirathi iko wazi: mtu akifa, hulipwa kwanza gharama za maziko, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi theluthi, na kilichosalia ndicho hugawiwa warithi. Ikiwa nyumba ni ya mama, naye akaacha mume na watoto, na wazazi wake walikwisha kutangulia, mume ana robo, na baki huwa ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Haizingatiwi nani alinunua chokaa. Basi yule aliyegharimia dari nzima kwa mshahara wa miaka, akiwa hakusema kitu, fedha yake huhesabiwa kuwa ni hiba aliyompa mamake, na nyumba iliyozidi thamani kwa ajili ya hiba hiyo hugawiwa wote sawa na mafungu yao. Ilhali moyoni mwake huenda alidhani kwamba amejiwekea haki katika ghorofa ya juu. Dhana hiyo ndiyo mama wa ugomvi. Dawa yake ni kuidhihirisha nia tangu mwanzo. Anayetoa zawadi na aseme mbele ya ndugu zake kwamba ni zawadi, asiirudie tena kwa ulimi wala kwa uso. Na anayekopesha na aseme kwamba ni karadha, deni liandikwe na lishuhudiwe kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, na mzazi akubali kwa hiari yake kuwa na deni hilo. Mimi hupendelea ya kwanza, kwa kuwa siioni raha ya kumdai mama. Lakini siwalaumu wenye kuchagua ya pili, maadamu wameisema. Kosa kubwa liko katika kunyamaza.

Na ndugu wote wawe na sehemu, kila mtu kwa kadiri yake. Mwenye fedha atoe fedha, mwenye elimu ya hesabu aandike matumizi, mwenye nguvu abebe mawe pamoja na vibarua. Wala asidharauliwe yule ambaye mchango wake ni mdogo kwa tarakimu. Mara nyingi pana mtoto mmoja ambaye jina lake halitajwi kabisa katika hesabu za matengenezo, naye ni yule aliyebaki. Kwetu ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiweka mabeseni chini ya dari inapovuja, akiamka usiku kuyamwaga. Yeye ndiye anayejua kwamba mlizamu wa upande wa kibla huzibika kila mwanzo wa mvua, kwamba fundi fulani huchanganya mchanga wa pwani usiooshwa, wenye chumvi, na kwamba baba hawezi kulala penye harufu ya rangi. Sisi tunaokuja na kurudi huiona nyumba kama ilivyo siku za sikukuu, imefagiwa na kufukizwa udi; yeye huiona katika hali zake zote. Ni jambo lisilo la insafu kwamba mgeni wa wiki chache, kwa kuwa ndiye aliyefungua mfuko, apindue mpango wa mtu ambaye ataishi na matokeo yake mwaka mzima.

Nyumba ya mawe haifikii siku ikasemwa kwamba matengenezo yake yamekwisha. Kila mwaka inataka kupakwa chokaa kabla ya masika, kufagiliwa dari, kuzibuliwa milizamu, na kugongwagongwa kuta zake na mtu mwenye sikio. Na nyumba zilizotufikia zikiwa nzima baada ya miaka 200 hazikufika kwa sababu ya tengenezo moja kubwa la mtu tajiri, zilifika kwa sababu kila mwaka palikuwa na mtu ndani yake aliyefanya hayo madogo kwa wakati wake. Ndiyo maana wema wa mtoto aliye mbali hupimwa kwa yale yanayoendelea kufanyika katika miezi ambayo yeye hayupo. Basi arudipo kwa wazazi wake akiwa na azma ya kuitengeneza nyumba, kabla ya kuuliza bei ya chokaa na amuulize ndugu aliyebaki; na kabla ya kuaga, amkabidhi fedha iliyotengwa kwa mwaka mzima, na idhini kamili ya kuamua, kwa kuwa yeye ndiye atakayepanda darini siku mvua itakapoanza.